"Nyamazeni, mkae": jamaa za wafungwa wa vita walipoambiwa wanafanya siasa

Ijumaa tarehe 24 Julai 1992, George Bush, rais wa Marekani wakati huo, aliingia katika ukumbi mmoja karibu na mji wa Washington kuhutubia familia za wanajeshi waliotekwa au kupotea katika vita vya Vietnam. Hakufika mbali. Kutoka viti vya nyuma watu walianza kupiga kelele wakisema wamechoka kudanganywa. Rais alijaribu kuendelea, akasimama, akajaribu tena. Mwishowe uvumilivu ulimwisha, akawaambia wanyamaze na wakae chini.

Ulikuwa mwaka wa uchaguzi na kamera zote zilikuwa pale. Bush mwenyewe alikuwa rubani wa zamani, aliyeangushwa na Wajapani mwaka 1944 akapoteza wenzake wawili waliokuwa naye ndani ya ndege, kwa hiyo hakuwa mgeni wa jambo hilo. Na waliomzomea hawakuwa watu wa barabarani. Walikuwa wake, kaka, dada na watoto wa wanajeshi aliokuwa anawazungumzia. Ukumbi wenyewe uligawanyika: wapo walioona aibu kwamba rais anazomewa, na wapo walioona kwamba miaka ishirini ya adabu haikuwaletea kitu.

Kundi lililoandaa mkutano huo linaitwa Ligi ya Taifa ya Familia za Wamarekani Wafungwa na Waliopotea Kusini-Mashariki mwa Asia. Tangu lianze, limeshutumiwa na kila upande: kwamba ni chombo cha serikali, kwamba linaisumbua serikali, kwamba linarefusha vita, kwamba linamsaidia adui. Na kila mara familia hizo zimejibu kwamba zinachotaka ni watu wao.

Kwa msomaji wa Goma, Bukavu au Kinshasa, historia hiyo haiko mbali kama ramani inavyoonyesha. Tarehe 14 Septemba 2025, serikali yetu na AFC/M23 walisaini huko Doha utaratibu wa kubadilishana wafungwa, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ikiwa katikati bila kuegemea upande. Tangu hapo neno "wafungwa" halitoki redioni. Wajumbe wanakutana na kutoa matangazo, lakini mama wa mfungwa hana kiti kwenye meza hiyo. Akitaja jina la mtoto wake mbele ya watu, swali la kwanza analoulizwa ni yuko upande gani.

Agizo la kukaa kimya

Tarehe 9 Septemba 1965, ndege ya James Stockdale, afisa wa jeshi la majini la Marekani, iliangushwa Vietnam Kaskazini. Alikamatwa akiwa amevunjika mguu. Nyumbani, katika mji wa Coronado jimboni California, alimwacha mke wake Sybil na wavulana wanne.

Serikali ya rais Lyndon Johnson iliwapa wake wa wafungwa agizo moja: msiongee na waandishi wa habari wala msieleze hali ya waume zenu. Waliambiwa kwamba mazungumzo yanaendelea kimyakimya, na kwamba neno moja likitoka vibaya linaweza kumletea mfungwa mateso. Agizo hilo lilikuwa na mantiki yake. Liliifaa pia serikali ambayo haikuwahi kutangaza vita rasmi na haikupenda raia wake wahesabu ni wangapi wameshatekwa.

Upande wa pili, Hanoi ilisema hao si wafungwa wa vita, ni wahalifu wa vita, maharamia wa angani waliokuja kutupa mabomu juu ya vijiji. Hiyo ilimaanisha kwamba Mkataba wa Geneva wa 1949 hauwalindi. Mkataba huo unasema mfungwa aruhusiwe kuandikia familia yake ndani ya wiki moja tangu afike kambini, na kwamba baada ya hapo aruhusiwe angalau barua mbili na kadi nne kila mwezi. CICR inapaswa kuingia kambini na kuona. Hanoi haikutoa orodha kamili ya majina, barua zilikuja chache sana, na CICR haikuingia. Mwezi wa saba 1966, makumi ya marubani walitembezwa katika barabara za Hanoi wakiwa na pingu, umati ukiwapiga na kuwatukana. Picha zilizunguka dunia nzima, na wake zao wakaendelea kuambiwa wanyamaze.

Mama Sybil alianza kukutana na wanawake wenzake wa eneo la San Diego, nyumba kwa nyumba. Walikuwa wake wa maafisa, watu waliozoea kufuata taratibu za jeshi, na wengi hawakuwahi kuandamana hata siku moja. Mwaka 1968 alivunja agizo, akaliambia gazeti moja la San Diego kilichompata mume wake. Wanawake kutoka kambi nyingine za jeshi wakaanza kuandikiana naye.

Mwaka uliofuata Richard Nixon aliingia madarakani, na tarehe 19 Mei 1969 waziri wake wa ulinzi, Melvin Laird, aliitisha waandishi wa habari akaishutumu Hanoi waziwazi. Agizo la kimya likafa siku hiyo. Mwezi wa kumi, Mama Sybil na wenzake kadhaa walikwenda Paris, wakapokelewa na ujumbe wa Vietnam Kaskazini ulioongozwa na Xuan Thuy, wakakabidhi barua na maswali ya familia. Tarehe 12 Desemba 1969 Nixon aliwakaribisha ikulu. Mwezi wa tano 1970 kundi lao likasajiliwa Washington kama shirika la taifa.

Kila upande na shutuma yake

Hapo ndipo lawama zilipoanza kwa nguvu. Wanaharakati wa kupinga vita waliangalia ule mlango wa ikulu uliofunguka haraka hivyo na wakasema familia zimekodishwa. Hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: kama mnataka waume zenu warudi, dai vita viishe. Mnapozunguka nchi mkisema Hanoi inatesa wafungwa, mnampa Nixon sababu ya kuendelea kupiga mabomu, na kila wiki ndege zinakwenda, marubani wengine wanaanguka, idadi ya wafungwa inaongezeka.

Tangu mwanzo wa 1970, barua nyingi za wafungwa zilianza kupita mikononi mwa wanaharakati hao hao. Kamati iliyoongozwa na Cora Weiss na Dave Dellinger ilikubaliana na Hanoi kubeba barua kwenda na kurudi. Familia ilijikuta inapokea karatasi iliyoandikwa na baba wa watoto kutoka kwa watu ambao huenda yeye mwenyewe, kama angekuwa nyumbani, angewaita wasaliti. Wapo waliokataa kutumia njia hiyo, na wapo waliosema barua ni barua. Sidhani kuna mtu aliye nje ya nyumba hiyo anayeweza kumhukumu yeyote kati yao.

Mgawanyiko uliongezeka mwaka 1971. Nixon alikuwa ameahidi kwamba sehemu ya majeshi yatabaki Vietnam mpaka wafungwa waachiwe. Tarehe 1 Julai, mama Nguyen Thi Binh, aliyewakilisha wapiganaji wa Vietnam Kusini huko Paris, akaweka mezani pendekezo la vipengele saba: Marekani itaje tarehe ya kuondoka mwaka huo, na wafungwa wataachiwa. Kwa hiyo upande mmoja ulisema hatuondoki mpaka muwaachie, na mwingine hatuwaachii mpaka muondoke. Ndani ya mduara huo kulikuwa na watu mia kadhaa wamefungwa pingu.

Sehemu ya familia ilichoka. Waliunda kundi lao na kudai tarehe itajwe, vita viishe, wafungwa warudi. Hao nao wakaambiwa wanamsaidia adui. Aliyejulikana zaidi ni Valerie Kushner, mke wa daktari wa jeshi aliyetekwa mwishoni mwa 1967. Mtoto wao wa pili alizaliwa baba akiwa tayari mikononi mwa adui. Mwezi wa saba 1972, mama huyo alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Miami Beach akaunga mkono jina la George McGovern, mpinzani wa Nixon. Wengi walisema anamtumia mume wake kisiasa. Mwezi wa kumi mwaka huo huo, wiki chache kabla ya kupiga kura, Nixon naye alikwenda kuhutubia mkutano wa Ligi. Waliosema kwamba hiyo pia ni siasa walikuwa wachache zaidi.

Ligi yenyewe ilijitetea kwa katiba yake. Iliandikishwa kama shirika la kibinadamu, lisilo la chama, na kila mwanachama alikuwa huru kusema mawazo yake kwa jina lake mwenyewe, si kwa jina la kundi. Madai yao ya msingi yalihusu mambo ambayo hata aliyepinga vita hangeweza kuyakataa: orodha ya majina, barua, wagonjwa warudishwe, CICR iingie kambini. Kuomba jina la mtu aliye hai, walisema, si kuchagua nani ashinde vita.

Ambapo wakosoaji hawakukosea

Lakini haitoshi kuandika kwamba familia zilisingiziwa tu. Mwaka 1984, James na Sybil Stockdale walitoa kitabu wakieleza maisha yao ya miaka ile. Humo walifichua kwamba tangu 1966 Mama Sybil alishirikiana na upelelezi wa jeshi la majini, akituma barua zenye ujumbe wa siri kwa mume wake gerezani, naye akijibu kwa njia hiyo hiyo majina ya wafungwa wenzake. Barua moja ingegunduliwa, mfungwa angeweza kuuawa. Kwa hiyo waliosema kwamba nyuma ya wanawake hao kuna mkono wa dola hawakuwa wameota.

Ninavyoona, jambo hilo halifuti lile lingine. Mwanamke huyo huyo aliyebeba siri za jeshi ndiye aliyelivunja agizo la serikali wakati wanaume wote wenye vyeo walikuwa wanamwambia subiri. Aliitumia dola nayo ikamtumia, akijua hivyo. Mwenye mtu wake gerezani hachagui sana mlango wa kubisha.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Wavietnam waliopotea bila kaburi katika vita hivyo wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu, na mama zao hawakupata kukaribishwa ikulu yoyote. Mwaka 1970, wabunge wawili wa Marekani waliotembelea kisiwa cha Con Son waliona vizimba ambamo serikali ya Saigon, rafiki wa Washington, iliwafungia wapinzani wake. Ligi haikufanya kampeni kwa ajili ya hao. Familia zilijibu kwamba kila mtu anamlilia wake kwanza. Ni jibu la kweli, ila halimfariji mama wa upande wa pili.

Je, kelele zao zilisaidia? Wafungwa waliorudi walishuhudia kwamba kuanzia miezi ya mwisho ya 1969 mateso yalipungua, chakula kikaongezeka kidogo, barua zikaanza kupita. Wengi wao waliamini ni kwa sababu dunia ilikuwa inaangalia. Wengine wanakumbusha kwamba Ho Chi Minh alikufa tarehe 2 Septemba mwaka huo, na waliochukua nafasi walibadili mambo kwa sababu zao wenyewe. Huenda yote mawili yalifanya kazi. Kuhusu majina hakuna ubishi: baharia kijana, Douglas Hegdahl, aliyeachiwa mwezi wa nane 1969, alitoka gerezani akiwa ameweka kichwani majina ya wafungwa zaidi ya 250. Familia ambazo zilikuwa hazijui kama ni wajane au la zilipata jibu kutoka mdomoni mwake.

Mkataba wa amani ulisainiwa Paris tarehe 27 Januari 1973. Tarehe 12 Februari ndege za kwanza ziliondoka Hanoi. Stockdale alikuwa ndani ya mmojawapo wa misafara ya siku hiyo, baada ya miaka saba na nusu, akitembea kwa kuchechemea. Daktari Kushner alitoka mwezi uliofuata, akamwona mtoto wake kwa mara ya kwanza, akiwa tayari mvulana wa karibu miaka mitano. Mpaka mwisho wa Machi, Wamarekani 591 walikuwa wamerudi.

Majina yaliyobaki

Hapo watu wengi walifunga gazeti. Lakini hesabu ya Marekani ilionyesha watu 2,646 ambao hawakurudi, wala miili yao haikupatikana. Wake wa waliorudi waliondoka kwenye Ligi taratibu, na walioshika usukani wakawa jamaa za waliopotea. Bangili za chuma zenye jina la mfungwa mmoja mmoja, ambazo Wamarekani karibu milioni 5 walikuwa wamezinunua, zilianza kuwekwa droo. Ile bendera nyeusi yenye kichwa cha mtu aliyeinama mbele ya mnara wa mlinzi, iliyotokana na wazo la Mary Hoff, mke wa rubani aliyepotea, ikaendelea kupepea.

Jeshi lilitaka kuwahamisha waliopotea kutoka orodha ya "hajulikani alipo" kwenda orodha ya "amekufa". Kwenye karatasi ni mstari mmoja tu. Kwa familia maana yake ni mshahara kukatwa, jina kufungwa, na mtu kuuawa na ofisi kabla hajaonekana maiti. Baadhi ya familia zilikwenda mahakamani New York mwaka 1973, na uamuzi ukasema haiwezekani kufanya hivyo bila kuwaarifu jamaa na kuwapa nafasi ya kusikilizwa. Mwaka 1976 tume ya wabunge ikasema hakuna Mmarekani aliye hai aliyebaki mikononi mwa Hanoi. Ligi ilikataa.

Toka 1978 iliongozwa na Ann Mills Griffiths, dada wa James Mills, afisa wa jeshi la majini aliyepotea na ndege yake mwezi wa tisa 1966. Chini ya rais Ronald Reagan mama huyo alipata alichokuwa hajapata mtu wa familia kabla yake: kiti katika kikundi cha maafisa wa serikali waliopanga sera ya suala hilo, na ruhusa ya kusoma nyaraka za siri. Alikuwa amefika ndani. Ndipo lawama zikageuka. Familia nyingine sasa zilisema amekuwa mmoja wao, anajua mambo ambayo hawezi kutuambia. Mwaka 1990 sehemu ya jamaa ilijitenga na kuunda muungano wao. Griffiths alijibu kwamba bila kukaa katika chumba hicho, familia zingesubiri habari mlangoni kama zamani.

Katikati ya ugomvi huo walijipenyeza wafanyabiashara wa matumaini. Mwaka 1991 picha ya wanaume watatu, iliyosemekana ni marubani walio hai, ilijaza kurasa za mbele za magazeti. Ilikuja kubainika kwamba ni picha ya zamani ya gazeti la Kisovyeti iliyochezewa. Watu waliuza mifupa bandia na vitambulisho vya shaba. Wanasiasa nao hawakukosa kuona kwamba ukumbi wenye uchungu una kura.

Hiyo ndiyo hali Bush aliyoikuta mwezi wa saba 1992. Miezi sita baadaye, mnamo Januari 1993, kamati ya Seneti iliyoongozwa na John Kerry, na ambayo John McCain, mfungwa wa Hanoi kwa zaidi ya miaka mitano, alikuwa mjumbe, ilitoa ripoti yake: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuna Mmarekani bado yuko hai katika magereza ya huko. Kamati ilikiri pia kwamba wakati wa kuondoka mwaka 1973, maafisa walikuwa na sababu ya kushuku kwamba huenda wengine wameachwa nyuma. Kila upande wa familia ulisoma aya iliyouunga mkono. Mwaka 1994 rais Bill Clinton aliondoa vikwazo vya biashara dhidi ya Vietnam, Ligi ikipinga, na mwaka uliofuata nchi hizo mbili zikarudisha uhusiano.

Kisha kazi ikawa ya wachimbaji, wapiga mbizi na maabara, Wamarekani wakishirikiana na Wavietnam walewale waliopigana nao. Mwezi wa nane 2018 jeshi la Marekani lilitangaza kwamba mabaki yaliyotolewa baharini, karibu na pwani ya Vietnam, yametambuliwa. Yalikuwa ya James Mills. Dada yake alikuwa amemsubiri miaka 52, na miaka 40 kati ya hiyo akiitwa kibaraka au msumbufu, ikitegemea nani anazungumza. Hakuacha kazi ya Ligi baada ya hapo. Kwenye orodha kulikuwa na majina ya wengine zaidi ya 1,500.